Usalama wa Chakula au Uhakika wa Chakula?

Mvua ikikatika Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, kabla mahindi hayajakomaa, taarifa za serikali na mashirika hujaa istilahi moja ya Kiingereza, "food security", nao wafasiri huiita "usalama wa chakula". Tafsiri hiyo imezoeleka, ila ina kasoro: maneno hayohayo ndiyo tunayoyatumia kwa "food safety", yaani chakula kutokuwa na sumu wala vijidudu. Istilahi moja imebebeshwa mizigo miwili. Mzigo wa kwanza unastahili jina lake, "uhakika wa chakula", ambalo tayari hutumika Tanzania.

Ushahidi uko Ukambani kwenyewe. Njaa ya mwaka 1984 Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa hali nimeshika: pesa i mkononi, dukani hakuna unga. Hapo hapakuwa na chakula chenye sumu. Kilichotoweka ni uhakika wa kukipata. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, mambo yakageuka. Mahindi yalikuwemo nyumbani, lakini yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota ukungu na kuingiwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Gunia lilikuwepo, usalama haukuwemo. Sasa mkulima akiambiwa kwamba usalama wa chakula umepungua, atajuaje kama atafute mahindi au ayatupe aliyo nayo?

Wapo watakaosema kuwa fasili ya "food security" iliyopitishwa katika mkutano wa dunia kuhusu chakula, Roma, mwaka 1996 inataka chakula kiwe cha kutosha na pia salama, hivyo jina moja latosha. Lakini gurudumu ni sehemu ya gari, wala haliitwi gari. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, nayo inataja utoshelevu wa chakula na ubora wake kila kimoja kwa neno lake. Wengine watauliza kwa nini tusiseme njaa tu. Njaa ni neno la mwisho. Uhakika huanza kupungua mapema, mbuzi wanapouzwa kwa bei ya kutupa ili kupatikane debe la mahindi, na wakati huo ndio msaada hufaa zaidi. Basi mfasiri aandike "uhakika" anapouliza kama ghala lina kitu, na "usalama" anapouliza kama kilichomo kinalika.