Safu ya Lugha: Kishikwambi kizito

Neno kishikwambi, yaani tableti, lilizoeleka hasa kwa sensa ya Tanzania ya Agosti 23, 2022, makarani walipopita na vifaa hivyo nyumba kwa nyumba, kuanzia Kahama hadi Katoro. Baadaye vikagawiwa walimu wa shule za umma, na neno likabaki mitaani.

Limepata na kivumishi chake: -zito. Mwalimu akisema "kishikwambi changu kizito", hazungumzii gramu. Fomu inafunguka vizuri, lakini mchoro wa pande tatu unajikokota. Lawama huangukia intaneti, kumbe mara nyingine kinachoelemewa ni chipu ya michoro, inayopaka rangi kila nukta ya kioo. Kioo cha nukta 1,280 kwa 800 kina nukta 1,024,000. Zikipakwa mara 60 kwa sekunde, ni zaidi ya milioni 61. Ndiyo maana Apple, ilipozidisha nukta za iPad mara nne mwaka 2012, iliongeza pia nguvu ya chipu hiyo.

Kwa hiyo tutenganishe. Kizito ni kifaa kinachochelewa kuitika. Kilichoganda hakiitiki kabisa. Picha inayorukaruka ni ile inayopoteza hatua katikati ya mwendo. Mjiolojia wa Geita anayezungusha mchoro wa mwamba akimwambia fundi "picha inarukaruka", fundi ataanza na chipu ya michoro. Akisema tu "kizito", fundi atalazimika kubahatisha.