Huduma ya Kwanza kwa Mfupa Uliovunjika

Huduma ya kwanza kwa mfupa uliovunjika ni msaada anaopewa majeruhi hapohapo alipoumia, kabla hajafika kwa tabibu. Kazi yake si kuunga mfupa wala kuunyoosha, bali kuuzuia usicheze. Ncha za mfupa uliokatika ni kali, na kila zikitikisika huchana nyama, neva na mishipa ya damu iliyo jirani.

Mvunjiko huwa wa ndani ngozi ikiwa nzima, na huwa wa wazi jeraha likifika kwenye mfupa. Mifupa ya watoto hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, kwa hiyo mtoto anayeweza kuinua mkono bado huenda amevunjika. Maumivu makali, uvimbe, mguu kupinda au kuwa mfupi kuliko mwenzake ni dalili za kutosha. Hakuna haja ya kuutikisa ili kusikiliza mifupa ikisagana. Ukishindwa kujua kama ni kuteguka au kuvunjika, hesabu kuwa umevunjika.

Pumzi na damu huangaliwa kabla ya mfupa. Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi, na mfupa ukiwa umechomoza, mkandamizo huwekwa pembeni yake. Mfupa huo haurudishwi ndani, wala jeraha halipakwi majivu, dawa ya meno au mafuta ya taa.

Gango, au banzi, linaweza kuwa ubao, fito, hata gazeti nene lililokunjwa. Lipite viungo viwili, cha juu na cha chini ya palipovunjika: kigasha kikivunjika, lishike kiwiko na kiganja pia. Penye uwazi hujazwa nguo laini, vitambaa hufungwa juu na chini ya palipovunjika, si juu yake, kisha khanga iliyokunjwa pembetatu huning'iniza mkono shingoni. Gango la mguu likikosekana, mguu mzima hutosha: miguu yote miwili hufungwa pamoja.

Kosa linalogharimu zaidi ni kukaza vitambaa mno. Uvimbe huendelea kukua kwa saa nyingi, hivyo pete, bangili na saa huvuliwa mapema. Ili kujua kama damu inafika, bonyeza ukucha kisha uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, legeza vitambaa papo hapo, kwani misuli iliyokosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa. Wapo waganga wa mifupa wenye mikono stadi, lakini mabanzi ya mianzi yaliyokazwa na kuachwa siku kadhaa yamewafanya watu wakatwe mikono na miguu ambayo ingepona.

Paja ni habari nyingine. Mfupa wake ukivunjika, lita nzima ya damu au zaidi inaweza kuvujia ndani bila tone kuonekana nje. Gango la kuvuta mguu lililobuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool katika karne ya 19 liliokoa askari wengi waliovunjika paja katika Vita Kuu ya Kwanza. Asiye na kifaa hicho amlaze majeruhi, amfunike, asimpe chakula wala chai, maana huenda akahitaji upasuaji wa nusu kaputi.

Kisha kuna safari. Kumpakia mwenye mguu uliovunjika mshikaki kwenye bodaboda, muundi ukining'inia, ni kuharibu kazi yote iliyotangulia. Gari la mizigo na mlango uliong'olewa ukawa machela ni afadhali mara nyingi. Anayelalamikia shingo au mgongo asisogezwe hadi wenye ujuzi wafike, ila moto au magari yakimtishia. Kwa Tanzania, fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, ndugu anaweza kuifuata baadaye. Majeruhi afikishwe hospitali kwanza.