Kutoka Mfuo wa Plau hadi Maili ya Sheria

Mkulima wa Uingereza wa miaka elfu moja iliyopita alipimia ardhi nguvu za maksai wake. Udongo wa sehemu nyingi za nchi ile ni mfinyanzi mzito, na plau ya zama hizo, kubwa, ya mbao, ilihitaji maksai wanane waliofungwa jozi jozi. Kuwaongoza moja kwa moja halikuwa jambo gumu. Taabu ilikuwa kuwageuza. Kwa hiyo mfuo ulilimwa mrefu kadiri wanyama walivyoweza kukokota kabla ya kusimama na kupumzika. Urefu huo wakauita furlong, yaani urefu wa mfuo, na hatimaye ukathibitika kuwa yadi 220, takriban mita 200. Kipande chenye urefu huo na upana wa yadi 22 kilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja ya kulima. Hiyo ndiyo ekari.

Yafaa tutue hapa kidogo. Ekari ni kipimo cha eneo, lakini ndani yake imo siku nzima ya jasho. Watu wale hawakutenga umbali na muda, kwa sababu mwili wao haukuvitenga. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya mabwana ikawa Kifaransa, na humo Waingereza wakapata neno journey. Asili yake ni siku: lilimaanisha kazi ya siku moja, au mwendo anaoweza kuumaliza msafiri kati ya asubuhi na jioni. Leo linamaanisha safari yoyote, hata ya miezi. League nayo, iliyozoeleka kuhesabiwa maili tatu, ilikuwa karibu sawa na mwendo wa saa moja kwa miguu.

Kwa upande wa muda, Waingereza wa kale walihesabu usiku. Mwandishi Mrumi Tacitus, karibu na mwaka 98, aliandika kwamba makabila ya Kijerumani huhesabu usiku badala ya mchana. Waanglia na Wasaksoni waliohamia Uingereza walitoka katika makabila hayo, na athari yake ingali hai: Mwingereza akitaka kusema wiki mbili husema fortnight, neno lililofupishwa kutoka usiku kumi na nne.

Maili ina ukoo mwingine. Waliileta askari wa Roma, ambao kwao ilikuwa hatua elfu moja, kila hatua ikihesabiwa mguu uleule unapogusa ardhi tena; jumla yake ni karibu mita 1,480. Warumi waliondoka, neno likabaki, lakini urefu wake ukawa mali ya kila wilaya. Msafiri aliyeambiwa kwamba mji uko maili kumi mbele ilimpasa kujua kwanza ni maili ya wapi.

Sheria iliingilia kati mwaka 1593, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, tena kwa sababu ya mbali kabisa na safari. Serikali ilihofia msongamano wa London, ikapiga marufuku kujenga nyumba mpya ndani ya maili tatu kutoka malango ya jiji. Marufuku kama hiyo haina maana bila maili inayojulikana. Bunge likatamka kwamba maili ni furlong nane, yaani futi 5,280, ilhali maili iliyotumika London kabla ya hapo ilikuwa ya futi 5,000. Kwa nini wasipunguze furlong? Mipaka ya mashamba na hati za umiliki zilisimama juu ya kipimo hicho. Kukigusa kungeleta kesi zisizokwisha. Maili ya Warumi ndiyo iliyonyooshwa ili imtoshe mkulima, na kwangu huu ni mmoja wa ushindi mkubwa wa wakulima wasio na majina.

Sheria kuandikwa ni jambo moja, kufika barabarani ni jingine. John Ogilby, aliyepata kuwa mwalimu wa dansi na mfasiri wa mashairi, ndiye aliyeieneza maili hiyo. Mwaka 1675 alichapisha atlasi ya barabara yenye kurasa 100 za ramani, zilizopimwa kwa gurudumu lililosukumwa njiani, inchi moja ikisimama badala ya maili moja.

Reli nayo ikaufanyia muda yaleyale. Jua huchelewa kufika Bristol kwa dakika kumi hivi kuliko London, na kila mji uliishi kwa saa yake mpaka treni zilipodai saa moja. Mwaka 1880 saa ya Greenwich ikawa ya kisheria kote nchini.

Miaka sita baadaye maili ilifika pwani yetu, mezani, kwenye mazungumzo ya wageni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar huku bara iwe ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni. Watu wa mwambao hawakuulizwa. Sehemu ya ukanda huo iliyoko Kenya ilibaki kwa jina chini ya Sultani hadi nchi hiyo ilipopata uhuru Desemba 1963.