Uhuru Iliyorushwa Malindi

Mwezi wa pili mwaka mmoja nilikwenda kuwasalimu ndugu zangu Titye, wilayani Kasulu. Mvua ilikuwa imepumzika na anga limetakata. Yapata saa tatu usiku mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alinionyesha upande wa kusini kiwingu cheupe kisichosukumwa na upepo.

"Mjomba, wewe ni mtu wa redio. Kile ni nini?"

Nikamjibu kwamba ni wingu tu. Alinitazama, akanyamaza.

Niliporudi mjini niliingia maktaba. Kumbe kile ni galaksi, yaani kundi la mabilioni ya nyota, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 160,000. Wataalamu wa falaki huiita Wingu Kubwa la Magellan. Katikati yake nyota zimejipanga kama ufito, na pembeni umetokeza mkono mmoja uliojikunja. Galaksi yetu wenyewe nayo ina ufito wa namna hiyo.

Nikiendelea kusoma habari za wingu hilo, nikakutana na neno la Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota na galaksi. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo, akaipa jina la Uhuru.

Kwa nini Malindi? Iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Na kwa nini satelaiti? Eksirei hizo, ndugu za zile za hospitali, huzuiwa na hewa zisifike ardhini. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na kutokana nayo ikapatikana orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vingine vimo ndani ya kiwingu kile kinachoonekana Titye. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, wakarusha satelaiti tisa kutoka jukwaa lile kati ya 1967 na 1988, wakavuna elimu na heshima. Mwenyeji alitoa bahari, ikweta na neno moja. Je, alipona? Mimi mwenye diploma yangu nimelijua jambo hili nikiwa na miaka arobaini na ushei, tena si darasani. Neno letu lilifika angani zamani. Habari yake haijafika Titye.

Nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwomba radhi na kumsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa Mjomba, sisi darubini yetu iko wapi?"

Safari hii sikumdanganya.