Mwenye Ukoma katika Historia ya Uislamu: Kujikinga si Kudharau

Imamu al-Bukhari amepokea amri ya Mtume (s.a.w.) ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu amkimbiavyo simba. Wako wanaoishika Hadithi hii peke yake, wakaifanya hoja ya kumvunjia mgonjwa heshima. Natutazame wale walioipokea mwanzo waliifahamu vipi.

Ujumbe wa Thaqif ulipokuja Madina kusilimu, alikuwamo mtu mwenye ukoma. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimpelekea habari kwamba bai'a yake imekubaliwa, basi arejee. Mkutano uliepukwa, haki yake katika Uislamu haikupungua.

Kisha tunaye Mu'aiqib bin Abi Fatima (r.a.), Sahaba wa mwanzo aliyepatwa na ukoma. Sayyidna Umar (r.a.) alimkabidhi Baitul-Mal na akila naye. Tena alimtafutia matabibu. Wanahistoria wamepokea kuwa watu wawili wa Yemen walimsugua nyayo kwa tunda chungu liitwalo handhal, ugonjwa ukasita. Ni Umar huyo huyo ambaye, katika Muwatta ya Imamu Malik, alimwomba mwanamke mwenye ukoma aliyekuwa akitufu Al-Kaaba akae nyumbani kwake asiwadhuru watu. Alitahadhari na maradhi, hakumtweza mgonjwa.

Mwaka 88 Hijria (707 Miladia), Khalifa al-Walid bin Abdil-Malik aliwatenga wenye ukoma na watu, lakini aliwapangia posho ili wasiombe njiani. Aliyetengwa hakuachwa na njaa.

Wanazuoni wa Usuli wamesema kwamba hukumu huzunguka pamoja na illa yake: ikiwepo, ipo, ikiondoka, huondoka. Illa ya kujitenga hapa ni kuchelea maambukizo, ambayo nayo hayawi ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Leo dawa za mchanganyiko, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huponya ukoma, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuzianza.

Basi aliyekwisha pona, akabaki na vidole vilivyokatika, anakimbiwa kwa illa ipi? Anayemnyima mkono wa salamu, au kumsogea mbali katika safu ya Sala, asijikinge kwa Hadithi ya simba. Vidole vilivyokatika ni kovu, haviambukizi. Na haki ya Muislamu kwa nduguye iko pale pale.

Wallahu a'lam.