Mwenye Kiwanda Ndiye Mwenye Kuchagua Mahali

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani: mtu wa Kinjumbi aendaye Dar es Salaam huingia kwa Barabara ya Kilwa, na wengi wetu tumeifuata barabara hiyo kwenda kutafuta kazi ya kiwandani. Kwa nini viwanda hivyo viko pale vilipo? Mimi nasema, kwanza uliza ni vya nani.

Wakati wa Waingereza mwenye kiwanda alikuwa kampuni au mtu binafsi, naye alihesabu senti. Alitaka bandari, reli na wateja viwe karibu. Ndiyo maana viwanda vilibanana Gerezani na Chang'ombe, vikaifuata Barabara ya Pugu sambamba na Reli ya Kati. Mwenye mtaji mdogo alifanyia kazi uani, duka likiwa mbele. Mafundi seremala wa Keko wangali hivyo: kitanda huuzwa palepale kinapopigwa randa.

Azimio la Arusha la 1967 lilibadili hesabu hiyo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, kiliwekwa Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, wakati huo pembezoni mwa mji. Kusokota, kufuma na kutia rangi, yote ndani ya ua mmoja, na nyumba za wafanyakazi jirani. Kiwanda cha Zana za Kilimo kikajengwa huko huko. Mfanyabiashara gani angezika fedha zake katika eneo kubwa namna ile? Serikali iliweza, kwa kuwa ardhi ilikuwa mikononi mwake na faida haikuwa shabaha yake pekee. Wafanyakazi wakapanga Manzese na Mabibo, na mji ukakifuata kiwanda.

Lakini serikali nayo ina upendeleo wake. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, wa 1969, ulitaja miji tisa ya kukuzwa. Mtwara ilikuwamo, Kilwa haikuwamo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na katika miaka ya 1980 kukawa na mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, KILAMCO. Hakikujengwa. Mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba, kuzalisha umeme Ubungo.

Mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990, hesabu ya senti ilirudi, ila safari hii kiwanja cha mjini kilikuwa ghali mno. Wenye mitaji wakatoka nje, wakaja Mkuranga, kwenye barabara yetu: ardhi ni ya bei nafuu, na gesi iko jirani. Kiwanda cha vigae cha Goodwill kiko huko. Kutoka hapo kuja kwetu kuna Mto Rufiji, na tangu 2003 Daraja la Mkapa limeondoa pantoni ya Ndundu, kwa hiyo mto si kisingizio tena.