Gari Kuukuu na Mafundi Wake katika Nchi ya Mbulumbulu

Atokaye Karatu mjini akashika njia ya Rhotia, kisha akaiacha barabara kuu na kupinda kuelekea kaskazini, huingia baada ya kitambo katika nchi ya Mbulumbulu, nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yenye msitu wa nyanda za Ngorongoro upande wake mmoja na ukingo wa Bonde la Ufa upande wa pili, na yenye udongo mwekundu wa asili ya volkano, ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi lipenyalo kila tundu, na wakati wa masika huwa utelezi ambao tairi lililolika huzunguka juu yake bila ya kusogea hatua moja. Kila jambo nitakalolieleza hapa juu ya magari makuukuu ya nchi hiyo, na juu ya ustadi wa wale walioyatengeneza yakawa bora kwa gharama ndogo, lina asili yake katika udongo huo, katika miteremko hiyo, na katika ngano iliyolimwa juu yake. Mafundi hawa hawakubadili gari ili lipendeze macho. Walilibadili kwa kuwa lilibuniwa na watu ambao hawakupata kuiona njia yake. Naona maarifa yao ni elimu kamili, yenye sababu na majaribio na hata makosa yake, na inasikitisha kwamba imekaa muda mrefu vinywani bila ya kuandikwa.

Mwanzo wa ustadi huu haukuwa katika gari bali katika shamba. Zama za utawala wa Waingereza, Wairaqw walihama kwa wingi kutoka nchi yao ya asili iliyosongamana watu, wakaja kufanya maskani katika nyanda za kaskazini za Karatu na Mbulumbulu. Na ilipofika miaka ya 1950 na 1960 baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa wakulima wakubwa wa ngano, wenye matrekta na mashine za kuvunia walizozinunua kwa mkopo na kuzikodisha kwa jirani zao, hali ambayo mtafiti Philip Raikes aliichunguza na kuiandika katika miaka ya 1970. Mbali kidogo, juu ya miteremko ya Oldeani, walowezi, wengi wao Wajerumani, walikuwa wamefungua mashamba ya kahawa tangu miaka ya 1920; na baada ya uhuru serikali ilianzisha Upper Kitete, ndani ya Mbulumbulu yenyewe, makazi ya mfano ambayo watu wake walilima ngano pamoja kwa matrekta. Basi mashine zilitangulia barabara njema kufika huko. Ngano iliyokomaa haingoji spea kutoka Arusha, kwani ikichelewa hupukutika au hunyeshewa, na mwenye shamba aliyekopa huona deni lake likipukutika ardhini pamoja nayo. Kwa hiyo mashine iliyokatika chuma asubuhi ilipasa kuungwa kabla ya jua kutua. Hapo ndipo vijana walipojifunza kuchomelea, kukata gasketi kwa karatasi nzito, kuzibua nozeli, na kuutambua ugonjwa wa injini kwa kuusikiliza mlio wake. Mikono iliyofundishwa na trekta ndiyo iliyolipokea gari.

Na gari lenyewe aghalabu lilikuwa Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa limebuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover kwa ajili ya wakulima. Na madhali chuma kilikuwa adimu katika Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, na chesisi yake ikaundwa kwa mabamba bapa ya chuma yaliyochomelewa pande nne yakawa boriti lenye uwazi ndani. Dhiki hiyo ya Waingereza ilikuwa neema kwa Mbulumbulu. Aluminiamu haishikwi na kutu, hunyooshwa kwa nyundo ya mbao juu ya gogo bila ya moto, na mabamba mengi ya bodi yamefungwa kwa bolti, hata fundi mwenye spana chache aweza kuyafungua yote na kuyapanga chini ya mti kwa siku moja. Chesisi nayo, ikipasuka au ikiliwa na kutu, hutibiwa kwa kipande chochote cha bamba chenye unene ule ule, wala haihitaji kiwanda. Gari hili lina aibu moja tu ya maumbile: pale aluminiamu inapogusana na chuma katika unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe, na fundi mwangalifu, kabla ya kurudisha bamba mahali pake, hutia kati ya metali hizo mbili ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, kinga isiyogharimu kitu na ambayo hata waliolitengeneza gari hawakuitia kila mahali.

Nitakaa zaidi juu ya springi, kwa sababu hapo ndipo ustadi hudhihirika na ndipo gari nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Land Rover za zamani hukaa juu ya springi za majani, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa na kulazwa kimoja juu ya kingine, vikashikwa katikati kwa bolti moja. Gari lililokusudiwa kumchukua mkulima na zana zake lilipopewa magunia ya ngano na abiria juu ya magunia, majani yalilala chali, na dawa iliyokuwa karibu ni kuongeza jani jingine kutoka katika springi ya lori lililokufa. Kazi hiyo ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitenda. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kadiri maalumu kisha kikapozwa kwa kipimo, na huo ndio uhai wake wa kupinda na kurudi. Anayelikata jani kwa moto wa gesi au kulipinda katika makaa huutoa uhai huo, na jani lake ama hulegea kabla ya mwezi kwisha, ama hukatika pale pale lilipoungua. Mafundi waliokomaa hulikata kwa msumeno wa chuma kwa subira, na hulipinda likiwa baridi kwa mapigo mengi madogo ya nyundo kuanzia katikati kwenda ncha. Fauka ya hayo, huchagua jani lenye tundu lake tayari, kwani kutoboa chuma hicho kwa keekee ya mkono ni mateso.

Kuna siri nyingine ambayo fundi asiyesoma kitabu cha gari huijua tu baada ya kuumbuka: springi za upande wa dereva katika gari lenye usukani kulia zimepindwa zaidi kuliko za upande wa pili, kwa kuwa dereva na tangi la mafuta viko upande huo. Akizibadilisha nafasi bila ya kutambua, gari hutoka gerejini limeinama, na mwenyewe hudhani limevunjika chesisi. Na juu ya idadi ya majani ya kuongeza, rai yangu ni ya wale wasemao moja latosha. Springi iliyojazwa majani ikawa ngumu haipokei tena pigo la shimo. Hulipeleka katika chesisi, nayo hupasuka karibu na mahali springi ilipoangikwa, na mwenye gari ambaye alitaka kuokoa springi hulipa sasa gharama ya uti wa mgongo wa gari lake.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, iliyofanya ustadi wa wachache kuwa faradhi ya wote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, wala haukufunguliwa hata Novemba 1983. Na Nairobi, ambayo haifiki kilomita 300 kutoka Arusha, ikawa mbali kuliko Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 600. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliyachukua magari mengi ya watu binafsi kwenda mstari wa mbele, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikawa adimu hata serikali yenyewe ikakosa za kuagizia spea. Katika hali hiyo bushi za springi zilichongwa kwa mpira wa matairi, ambayo Arusha ilikuwa na kiwanda chake, General Tyre, na tairi ambalo halikufaa hata kwa bushi likawa katambuga. Tangi lililovuja petroli lilizibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Betri iliyokufa haikulilaza gari, madhali hendeli ya kuwashia ilipita katika tundu la bampa na ikashika injini moja kwa moja, ingawa aliyeikamata vibaya aliweza kuvunjwa mkono ilipomrudia.

Katika mambo ya vumbi mafundi walikuwa na bahati, kwani Land Rover za wakati huo zilisafisha hewa yake kwa bakuli la oili: hewa hupita juu ya oili, vumbi likanaswa, na bakuli huoshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa oili nyingine, bila ya kununua chujio la karatasi. Wakati wa mavuno bakuli lililotosha kwa majuma mengi huko Uingereza lilijaa tope kwa siku chache, na walioliosha kila jioni waliziponya pistoni zao. Mbele ya rejeta walifunga wavu wa waya mwembamba, ili mbegu za nyasi na makapi ya ngano zisizibe matundu yake na kuichemsha injini. Wavu huo ni kitu kidogo sana, na kwa hukumu yangu ndio uboreshaji wenye faida kubwa kuliko wote kwa thamani yake.

Lakini insafu yanilazimu kuitaja desturi moja mbaya, iliyoenea Afrika Mashariki yote na ambayo Mbulumbulu haikuepukana nayo, nayo ni kung'oa themostati, ile valvu izuiayo maji yasiende katika rejeta mpaka injini ipate moto wake. Fundi huing'oa injini inapochemka, huona imepoa, na hudhani ameponya. Katika pwani yenye joto madhara hukawia kuonekana. Katika nyanda hizi zenye ukungu na baridi ya asubuhi injini isiyo na valvu hiyo hutembea baridi mwendo mrefu, hula mafuta mengi, na oili yake hukusanya unyevu na utandu mweusi uharibuo bearingi. Ugonjwa wa kweli aghalabu ulikuwa rejeta iliyoziba, ambayo yataka kufunguliwa na kusafishwa, kazi ya siku nzima isiyo na gharama ila jasho.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na katika utawala wa Rais Mwinyi spea zikarudi madukani, zile halisi na zile za bandia. Land Rover za nyuma ndefu zikawa gari za abiria za vijijini, zikiwekwa mabenchi mawili yanayotazamana na keria ya mabomba ya chuma juu ya paa. Na hapo palihitajika hadhari, kwa sababu mzigo mzito uliopandishwa juu, katika njia iliyolala upande, huliangusha gari ambalo springi zake zilikwisha kunyanyuliwa. Injini za petroli zenye ulafi ziliondolewa zikatiwa za dizeli za lita 2.25 za kampuni ile ile, ambazo hukaa juu ya vikalio vile vile bila ya kukata chuma. Baadaye zikafuata za Toyota, ambazo hutaka vikalio vipya na bamba la kuunganishia giaboksi, kazi ya fundi wa mashine ya kukerezea. Barabara ya lami ilipofika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari ya utalii yaliongezeka, na kilichotupwa na kampuni za Arusha kikawa hazina ya gereji za Karatu.

Tangu mwaka 1983 Land Rover mpya zilikuja na springi za koili, ambazo hazina jani la kuongeza, na ambazo fundi huzinyanyua kwa kipande cha chuma au mpira chini yake, au huzibadili kwa koili nzito zaidi; na Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilikoma kabisa kutengeneza gari la ukoo huo. Kwa hiyo chesisi za springi za majani, za miaka ya 1960 na 1970, zingali zikitafutwa na watu wa mashamba. Anayeuziwa huenda na fundi wake, naye hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga boriti shibri kwa shibri kutoka bampa ya mbele hata ya nyuma. Panapolia wazi huendelea, na panapojibu kwa mlio mzito hutia alama ya chaki, kwani hapo kutu imekula kutoka ndani, na idadi ya alama hizo, pamoja na bei ya bamba na elektrodi za kuchomelea, ndiyo hupunguzwa katika bei anayoitaka mwenye gari.